Kuzama, Kuzamia na Kuopoa: Maneno ya Msiba wa Ziwani

Katika makala haya twakusudia kuchunguza maneno machache ya kazi za chini ya maji, ambayo mara nyingi hutumiwa kana kwamba yana maana moja. Mifano yetu yatoka Ziwa Viktoria, kwani watu wa Bukoba na Muleba wameyajua maneno haya kwa msiba kabla ya kuyasoma katika kamusi.

Mzizi wa yote ni zama. Mtu au chombo huzama bila kutaka. Kitenzi hicho kikitiwa kiambishi cha kutendea twapata zamia, yaani kwenda chini kwa kusudi, kama walivyofanya wazamia lulu wa Ghuba ya Uajemi. Apigaye mbizi hutegemea pumzi yake mwenyewe. Mzamiaji wa siku hizi huchukua hewa katika mtungi mgongoni. Mitaani, mzamiaji ni pia yule ajifichaye melini asafiri bila nauli. Basi mfasiri hana budi kuangalia muktadha.

Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba, iliyotoka Bukoba na kupitia Kemondo, ilipinduka ikikaribia Mwanza. Kwa muda iliendelea kuelea kifudifudi, na ndani yake walikuwamo watu waliokuwa hai kwa hewa iliyonaswa humo. Bamba la chuma lilipotobolewa ili watolewe, hewa ile ilitoka, na meli ikazama. Waliokufa walizidi 500. Wazamiaji walikuja, wakiwamo wa jeshi la majini la Afrika Kusini, lakini kazi iliyowangoja haikuwa tena ya kuokoa. Ilikuwa ya kuopoa.

Hapa ndipo penye kiini cha hoja yetu. Kuokoa ni kumtoa aliye hai katika hatari. Kuopoa ni kukitoa kilichozama, kama ndoo kisimani. Taarifa isemayo siku kadhaa baadaye kwamba "uokoaji unaendelea" humwachia mfiwa aliye ufukoni tumaini ambalo mwandishi wake mwenyewe hana.

Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya Precision Air iliyokuwa na watu 43 ilianguka ziwani karibu na uwanja wa ndege wa Bukoba. Wavuvi waliwahi kwa mitumbwi. Watu 24 walisalimika, 19 walifariki. Siku hiyo kazi zote mbili zilifanyika mahali pamoja: walio hai waliokolewa, na miili ikaopolewa.

Kwa hiyo twapendekeza kwamba katika taarifa za serikali, vitabu vya shule na tafsiri, uokoaji na uopoaji vitenganishwe daima. Lugha yetu haikupungukiwa na neno. Sisi ndio tuliopungukiwa na uangalifu. Na anayesubiri ufukoni anastahili kuambiwa kwa neno lililo sahihi kama bado ana mtu wa kumngoja.