Kolo Ndiko Kazi ya Kuchanganya Ilikoanzia

Tarehe ya kazi yoyote huanza na swali la nani alitangulia. Kwa kazi ya kuchanganya unga laini wa madini na gundi, ili kipatikane kitu ambacho unga peke yake hauwezi kuwa wala gundi peke yake, wahandisi hutaja Japani. Husema kwamba katikati ya miaka ya 1980 watafiti wa Toyota waliuchambua udongo wa mfinyanzi hadi kuwa tabaka zenye unene wa nanomita moja hivi, wakazitawanya ndani ya nailoni. Udongo haukuzidi asilimia 5 ya uzito, lakini nailoni iliyokuwa ikilegea chini ya mzigo kwenye nyuzi 65 za joto sasa ikastahimili zaidi ya nyuzi 140. Habari hiyo ni ya kweli na sifa yao wanastahili. Ninachokataa ni kuwaweka kwenye mstari wa kwanza wa kitabu. Mstari wa kwanza ni wa wachoraji wa majabali wa Kolo, wilayani Kondoa, na Kondoa isipodai haki hiyo, hakuna atakayeidai kwa niaba yake.

Ushahidi uko kwenye majabali yenyewe, kuanzia Mungumi wa Kolo hadi Pahi na Kisese. Rangi nyekundu ya picha zile ni ngeu, yaani madini ya chuma yaitwayo hematiti. Sasa hematiti ina tabia moja ambayo wachache huitilia maanani: ikiwa na punje kubwa, huwa ya kijivu yenye kung'aa kama chuma, ikisagwa mpaka iwe laini kabisa ndipo huwa nyekundu. Wekundu wake unategemea ukubwa wa punje. Aliyesaga ngeu juu ya bamba la jiwe alikuwa anaendesha jambo lile lile ambalo leo hufanywa maabara, kupunguza punje ili tabia ya kitu ibadilike, na alijua kwa jicho lake wakati wa kuacha kusaga. Kisha akahitaji cha kushikisha, kwa sababu unga mkavu haukai kwenye jabali lililosimama wima. Upepo wa msimu mmoja tu ungeupukuta. Wachoraji wa namna hii duniani wametumia mafuta ya wanyama, ute wa yai, damu na utomvu wa miti, na katika hivyo, protini za yai na damu, pamoja na utomvu, ni polima alizoziumba Mungu kabla ya kiwanda chochote. Twiga na watu wembamba wa Kolo wamechorwa kwa mistari myembamba kuliko kidole, kwa hiyo mchanganyiko ulipaswa kutiririka bila kuchuruzika na kukauka bila kupasuka. Hayo ni masharti matatu yanayopingana, na mafundi wale waliyatimiza yote.

Atatokea wa kusema kwamba hawakujua nanomita. Ni kweli, lakini kipimo ni chombo cha kueleza kazi baada ya kufanyika. Wamaya wa Meksiko nao hawakuijua, lakini waliitia nili ndani ya udongo uitwao paligosikaiti wakapata buluu isiyofutwa na karne za joto na unyevu. Mwaka 1996 José Yacamán na wenzake waliitazama kwa hadubini ya elektroni, wakaonyesha kwamba siri ya uimara wake iko katika muundo wa nano. Tangu hapo hakuna anayeona haya kuwataja Wamaya kama watangulizi. Kolo inastahili mizani hiyo hiyo.

Wengine katika tarehe hii nitawapitia upesi. Louis na Mary Leakey, wanaakiolojia, walifika Kondoa mwaka 1935, na Mary akarudi 1951 kunakili picha. Ludwig Kohl-Larsen alipita miaka ya 1930. Ray Inskeep alichimba Kisese mwaka 1956, akakuta shanga za maganda ya mayai ya mbuni katika tabaka ambazo za chini zimepita miaka 40,000. Eric ten Raa aliandika mwaka 1971 kwamba miongoni mwa Wasandawe wa eneo hilo uchoraji ulikuwa haujazimika. UNESCO iliingiza eneo la kilomita za mraba 2,336 katika Urithi wa Dunia mwaka 2006. Picha nyeupe, zile nene zilizopakwa kwa vidole juu ya nyekundu, ni za wakulima wa Kibantu waliokuja baadaye, na wazee wetu wanaosema Warangi, Wabantu wa Kondoa, walienea kutoka kijiji cha Haubi hawaoni shida kuzihesabu kuwa za nyumbani. Watafiti wengi wamezidharau kwa sababu hazina umaridadi. Mimi naona zinathibitisha kwamba kazi ilipokelewa na mikono mingine, kwa madini mengine.

Hapa lazima nisimame niseme habari ya dhahabu ya Wajerumani, maana inaiumiza Kondoa kuliko dharau ya watafiti. Tangu majeshi ya Waingereza chini ya Jenerali Van Deventer yalipoiteka Kondoa Irangi kutoka kwa Wajerumani mwaka 1916, kumekuwa na imani kwamba Wajerumani walifukia mali wakikimbia, na kwamba michoro ni alama za kuonyesha ilipo. Kwa imani hiyo watu wamechimba chini ya majabali yenye picha. Jeshi lililokuwa likirudi nyuma kwa haraka halikuwa na nafasi ya kuchora twiga, na picha zile nyekundu zilikuwa za kale kabla Mjerumani wa kwanza hajafika huku. Kila shimo linavuruga tabaka ambazo ndizo zingetuonyesha ngeu iliyosagwa, mawe ya kusagia na umri wake. Wanaochimba wanatafuta hazina huku wakiitupa nje kwa sepetu.

Tukirudi kwenye kazi ya kuchanganya, katika zama zetu ina jina moja kubwa nchini, Askwar Hilonga, mzaliwa wa kijiji cha Gongali, Karatu. Karatu ni nchi ya Wairaqw, na wazee wa Wairaqw husimulia kwamba walitoka Ma'angwatay, mahali panapohesabiwa kuwa upande wa Kondoa. Basi njia ya watu kutoka huku kwenda kule ni ya zamani. Hilonga alisomea uzamivu wa uhandisi wa kemikali katika Chuo Kikuu cha Hanyang, Korea Kusini. Huko yeye na wenzake walitengeneza silika yenye vinyweleo kwa kutumia silikati ya sodiamu, malighafi ya bei nafuu, badala ya kemikali ghali zilizozoeleka. Katika kazi nyingine walipachika chembe za fedha ndani ya silika ili zitoke polepole, kwa kuwa fedha huua bakteria na ikitoka yote kwa mkupuo haifai tena.

Faida ya udogo huo inahesabika. Mchemraba wa sentimita moja una uso wa sentimita za mraba 6. Ukikatwa vipande vya nanomita moja, nyuso zote kwa pamoja hufika mita za mraba 6,000, karibu uwanja mzima wa mpira. Uchafu wa maji hunaswa kwenye nyuso, kwa hiyo kiganja cha unga kinafanya kazi ya pipa. Akiwa katika Taasisi ya Nelson Mandela, Arusha, Hilonga aliunganisha vitu vya namna hiyo na chujio la kawaida la mchanga, akalipanga kulingana na uchafu wa kila mahali: penye floraidi hili, penye bakteria lile. Mwaka 2015 alikuwa wa kwanza kushinda Tuzo ya Afrika ya Uvumbuzi wa Kihandisi ya Royal Academy of Engineering ya Uingereza, yenye pauni 25,000.

Pingamizi zito kuliko yote ni kwamba hakuna mnyororo wa mwalimu na mwanafunzi kutoka Kolo hadi Arusha. Nakubali, haupo. Lakini wala Toyota haikufundishwa na Wamaya, na bado vitabu huwaweka ukurasa mmoja, kwa kuwa tarehe ya kazi hufuata kazi yenyewe, sivyo kama tarehe ya ukoo inayofuata damu. Kinachotakiwa sasa ni vipimo. Vipo vyombo vya mwanga vinavyobebwa mkononi, vinavyotambua madini bila kukwangua hata chembe ya picha, na wataalamu wa kuvitumia wamo katika vyuo vyetu. Wapelekwe Kolo pamoja na Idara ya Mambo ya Kale, waanze na nyekundu, kisha nyeupe za Pahi, na matokeo yabandikwe pale pale Kolo, kwa Kiswahili.