Uchukuaji wa Sampuli za Samaki na Konokono katika Malambo na Vinamasi

Katika maeneo yenye maji ya msimu kama Migato, mkoani Simiyu, lambo lililokauka halihesabiwi kuwa halina viumbe. Baadhi ya konokono wa jenasi Bulinus, wanaobeba vimelea vya kichocho cha mkojo, hujihifadhi kwenye tope hadi mvua inyeshe. Kamongo wa Bonde la Ziwa Victoria, samaki mla konokono, anaweza pia kufanya hivyo, na katika lambo lililokauka hapatikani kwa nyavu bali kwa kuchimba. Hivyo sampuli huchukuliwa masika na kiangazi. Konokono huokotwa kwa kichujio chenye mpini, kisha huwekwa mmoja mmoja katika glasi ya maji safi penye mwanga; walioambukizwa hutoa vimelea, ambavyo hukaguliwa kwa hadubini. Mchukuaji sampuli huvaa mabuti na glavu za mpira, kwa kuwa vimelea hivyo hupenya ngozi.