Kwa nini injini hubadilisha sauti: historia fupi ya mabomba ya hewa

Rafiki yangu mmoja alinipigia simu akilalamika kuhusu Mark II yake, ile yenye injini ya 1JZ-GE. Gari lilikuwa limetoka gereji wiki iliyotangulia, na tangu siku hiyo likipanda mlima kutoka Mai Mahiu linakuwa kama limechoka, mpaka uliteremshe gia ndipo liamke. Alikuwa ameshabadilisha plagi zote, ameshanunua koili, na fundi sasa alitaka kufungua gia boksi. Halafu akasema jambo lililonifanya niache kazi niliyokuwa nikiifanya: "Na ile sauti yake imepotea. Zamani nikikaribia elfu nne ilikuwa inabadilika, kama mtu amefungua mlango. Sasa ni sauti moja mwanzo hadi mwisho."

Nitawaambia tulichokipata, lakini hamtaelewa kwa nini nilijua mahali pa kutazama bila kwanza kurudi nyuma kidogo.

Wengi wetu hudhani injini hunyonya hewa kama mtu anavyonyonya soda kwa mrija, mfululizo bila kukatika. Sivyo. Valvu ya kuingiza hewa hufunguka na kufungwa, na injini ikiwa kwenye mizunguko 6,000 kwa dakika, kila silinda hufanya hivyo mara 50 kwa sekunde. Pistoni ikishuka hutuma wimbi la mvuto ndani ya bomba la hewa. Wimbi hilo husafiri kwa kasi ya sauti, karibu mita 340 kwa sekunde, na likifika mwisho wa bomba ulio wazi hugeuka na kurudi likiwa wimbi la msukumo. Likiikuta valvu bado imefunguka, linasukuma hewa ya ziada ndani ya silinda. Nguvu ya bure, bila turbo! Likichelewa, linakuta mlango umeshafungwa.

Naomba mtambue kwamba nikisema "kasi ya sauti" sitoi mfano. Wimbi hilo ni sauti yenyewe, ile ile unayoisikia ukikanyaga mafuta. Mjerumani Hermann von Helmholtz alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1863 jinsi chombo chenye uwazi na shingo kinavyochagua noti yake, na kila mtoto aliyewahi kupuliza mdomo wa chupa tupu ya soda amefanya jaribio hilo bila kujua. Injini nayo ni chupa, ila inapulizwa kutoka ndani.

Sasa twende Marekani, mwaka 1960. Kampuni ya Chrysler ilitoa gari la 300F lenye V8 ya inchi za ujazo 413, yaani karibu lita 6.8. Ukifungua boneti unakutana na kitu cha ajabu: mabomba marefu ya aluminiamu yanayopishana juu ya injini, kabureta moja ikining'inia upande wa kushoto na nyingine upande wa kulia, kila moja ikilisha silinda za upande wa pili. Kila bomba lilikuwa na urefu wa inchi 30, karibu sentimita 76. Wenzao wa Plymouth, kampuni dada, waliuita mfumo wao SonoRamic, na mnaona jinsi neno la sauti lilivyoingizwa kwenye jina lenyewe.

Kwa nini inchi 30? Nilikaa na kikokotoo nikajaribu. Kwenda na kurudi ni mita 1.52, na kwa kasi ya mita 340 kwa sekunde hiyo ni kama milisekunde 4.5. Torki ya juu kabisa ya injini hiyo ilitangazwa kupatikana kwenye mizunguko 2,800. Kwa mwendo huo, milisekunde 4.5 ni nyuzi 75 za mzunguko wa kishafti. Pistoni huvuta kwa nguvu zaidi ikiwa imeshuka nyuzi 75 hivi. Ongeza 75 nyingine, wimbi linarudi wakati pistoni inakaribia chini kabisa na valvu haijafungwa. Hesabu yangu ni ya juu juu tu, wahandisi wana mambo mengi zaidi ya kuweka ndani, lakini ilipotoka hivyo nilicheka peke yangu ofisini.

Na hapo ndipo ugonjwa wa mfumo huo ulipo. Bomba la urefu mmoja ni filimbi yenye noti moja. Kwenye mizunguko 2,800 wimbi hufika kwa wakati. Kwenye 5,000 linafika limechelewa. Kwa mteja aliyetaka kasi ya juu, Chrysler walikuwa na toleo lingine. Kwa nje mabomba yalionekana yale yale, lakini ndani kuta za kutenganisha zilikuwa zimekatwa, hivyo urefu unaofanya kazi ukawa inchi 15. Nguvu ikapanda kutoka farasi 375 hadi 400. Nusu ya urefu, nusu ya muda, na kwa hesabu yangu ile ile ni karibu mizunguko 5,600. Lakini ilibidi uchague ukiwa bado dukani: nguvu ya mlimani au nguvu ya kasi. Kupata zote mbili ilihitaji kitu cha kujua injini inazunguka kiasi gani na kuamua, tena mara nyingi kwa dakika. Kabureta haiamui kitu cha namna hiyo.

Kompyuta ndiyo huamua. Mwaka 1983 Toyota walipotoa Corolla Levin na Sprinter Trueno za AE86, injini ya 4A-GE ilikuja na mfumo wa T-VIS. Huu haukubadilisha urefu. Kila silinda ilikuwa na njia mbili za hewa, na kwenye mizunguko ya chini moja ilifungwa kwa kipepeo cha chuma ili hewa ipite kwa kasi katika ile iliyobaki. Ilipopita elfu nne na kitu, kompyuta ilifungua ya pili. Kwa mwandika programu kama mimi hiyo ni "kama... basi..." moja tu, mstari mmoja wa msimbo. Lakini dereva aliusikia mstari huo kwa masikio yake, maana sauti ya injini ilipanuka ghafla.

Baadaye Toyota walikuja na ACIS, na ndiyo iliyokuwa ndani ya Mark II ya rafiki yangu. Hapa kuna ukuta ndani ya manifoldi ya hewa, na kwenye ukuta huo mna valvu. Ikifungwa, mawimbi huona bomba refu. Ikifunguliwa, huona bomba fupi. Kinachoivuta ifungwe ni mvuto wa hewa wa injini yenyewe, kupitia mpira mwembamba. Mpira ukichomoka valvu hubaki wazi daima, na gari hupoteza torki ya chini, ile hasa unayoihitaji mlimani. Tulifungua boneti Jumamosi. Mpira ulikuwa umelala pembeni, haujakatika, haukurudishwa tu mahali pake. Koili alizonunua bado ziko kwenye buti, na kuhusu gia boksi nadhani sote tulishukuru.

Ikiwa vipepeo viwili vinasaidia, kwa nini usiwe na urefu usio na hatua kabisa? Mazda walijibu swali hilo kwenye mashindano. Gari lao la 787B, namba 55, lilishinda saa 24 za Le Mans mwaka 1991 likiendeshwa na Johnny Herbert, Volker Weidler na Bertrand Gachot, ushindi wa kwanza wa kampuni ya Japani pale. Injini yake ya R26B haikuwa na pistoni bali rota nne, ikitoa karibu farasi 700 kwenye mizunguko 9,000. Juu yake tarumbeta za hewa ziliteleza kurefuka na kufupika kadiri injini ilivyopanda na kushuka, kama tromboni. Wanaoipenda sauti ya gari hilo wasinirushie mawe: mlio ule mkali ulitoka zaidi kwenye ekzosi. Kazi ya tarumbeta ilikuwa kutanua torki, ili dereva asilazimike kutafuta gia kila kona kwa saa 24. (Ni kama ile ngurumo ya Subaru tunayoijua sote hapa Nairobi, nayo ni ya mabomba ya ekzosi yasiyolingana urefu, si ya hewa inayoingia.)

Mwaka 2001 BMW waliupeleka ujanja huo barabarani katika V8 ya N62 ya Series 7, mabomba yakibadilika kutoka milimita 673 hadi 231 bila hatua. Ilipofika mwaka 2005, toleo jipya la injini hiyo lilirudi kwenye hatua mbili tu. Mimi naona walifanya vizuri. Urefu usio na hatua unahitaji mota, gia na sehemu nyingi zinazosogea, na kwa dereva wa kawaida faida yake juu ya hatua mbili ni ndogo.

Halafu turbo zikaenea. Hewa ikishasukumwa kwa feni, huhitaji sana kubembeleza mawimbi, na turbo yenyewe hunyamazisha mlio. Lexus LFA, iliyotengenezwa kuanzia Desemba 2010 hadi Desemba 2012, magari 500 pekee, ilikwenda kinyume: Yamaha, watengenezaji wa piano, walisaidia kupanga sauti ya V10 yake, na mlio wa tanki la hewa ukaelekezwa ndani kwa dereva. BMW M5 ya mwaka 2011, yenye turbo, ilichukua njia nyingine. Ilicheza sauti ya injini kupitia spika za redio, ikifuata mizunguko na jinsi dereva alivyokanyaga mafuta. Hiyo nayo ni programu, na huenda imeandikwa vizuri sana, lakini spika haiwezi kukuambia kwamba kuna mpira umechomoka.