Fimbo Ilisema na Nani? Adhabu Chini ya Milima ya Uluguru

Mpishi alikuwa amenaswa kwa mara ya tano. Ilikuwa mwaka 1871, na msafara wa Henry Morton Stanley, uliokuwa njiani kumtafuta Livingstone, ulikuwa umeiacha Simbamwene, mji wenye kuta kando ya Mto Ngerengere, pale ulipo mji wa Morogoro wa leo. Kosa la mpishi lilikuwa kudokoa chakula cha bwana wake. Hukumu ikatolewa palepale kambini: viboko kumi na viwili, tena juu ya nguo, kisha afukuzwe pamoja na punda wake.

Viboko havikumwuma sana. Kilichomvunja ni kule kufukuzwa, kuachwa peke yake katika nchi asiyoijua. Stanley mwenyewe aliandika baadaye kwamba alikusudia kumtisha tu. Mpishi hakuambiwa hivyo; akatimua mbio kuelekea milimani. Watu waliotumwa kumtafuta wakajikuta mikononi mwa malkia wa Simbamwene, binti wa Kisabengo, aliyewatia minyororo mpaka mfanyabiashara mmoja Mwarabu alipowaombea wakaachiwa.

Kwa kosa la kudokoa, basi, wasio na hatia walifungwa na mwenye kosa akapotea. Adhabu ilikusudia kusema jambo moja, ikasikika jingine.

Wakazi wa kata ya Mafiga, katika Manispaa ya Morogoro, wanaitazama milima hiyo kila asubuhi. Jina la kata yao ni jina la jikoni: mafiga ni yale mawe matatu yanayobeba chungu. Wanasheria nao wanapoeleza kwa nini dola huadhibu hutaja sababu zisizopungua tatu: kumlipa mkosaji kwa alichotenda, kuwatia hofu wengine, na kumrekebisha ili arudi kwa watu. Figa moja haliinjiki chungu, wahenga walisema. Lakini historia ya eneo hili inaonyesha tawala moja baada ya nyingine zikijaribu kuinjika kwa figa moja.

Figa la Wajerumani lilikuwa hofu. Amri ya Kansela ya Aprili 1896 iliweka mipaka ya kiboko katika koloni: yasizidi mapigo 25 kwa mkupuo, na mkupuo wa pili usije kabla ya wiki mbili kupita. Wanawake, Waarabu na Wahindi hawakupaswa kuchapwa. Mipaka hiyo iligeuka kuwa kipimo. Watu wakaiita adhabu hiyo hamsa ishirini, na koloni zima likapata sifa ya kuwa nchi ya ishirini na tano. Kati ya 1901 na 1913, watu zaidi ya 60,000 walihukumiwa viboko kwa njia rasmi. Waliochapwa mashambani na wenye mashamba bila kuandikwa popote hawamo katika hesabu. Mwaka 1907, mwaka ambao reli kutoka Dar es Salaam ilifika Morogoro, waziri wa makoloni Bernhard Dernburg alizuru nchi na kushangaa kuona karibu kila mzungu akitembea na kiboko mkononi.

Wengine walifungwa minyororo shingoni, wameunganishwa kwa mstari, wakapitishwa barabarani kwenda kazini. Minyororo hiyo ilisema zaidi na waliosimama kando ya njia, waliotakiwa kukumbuka kodi ya kibanda iliyoanza kudaiwa mwaka 1898.

Waingereza waliuteka mji mwaka 1916. Walikuja na jela, neno lililochukuliwa kwao, likakaa pamoja na lile la zamani zaidi, gereza, ambalo pwani ililipata kwa Wareno. Na hapa Morogoro ndipo walipojaribu jambo ambalo makoloni mengi yalikuwa hayajalijaribu. Katika miaka ya 1930, huko Kingolwira, mashariki ya mji, wakaanzisha kambi ya wafungwa isiyo na kuta. Wafungwa walilima. Wazo lilikuwa kwamba mtu anayeaminiwa na jembe na uwanda ulio wazi atajifunza kujitawala. Kwa mara ya kwanza hapa, adhabu ilidai kusema na mkosaji mwenyewe.

Utawala uleule, hata hivyo, ulipanda mlimani na lugha nyingine. Kuanzia mwaka 1950 mpango wa matumizi ya ardhi ya Uluguru uliwataka wakulima kuchimba matuta ya ngazi katika miteremko ili udongo usimomonyoke. Asiyechimba alifikishwa mbele ya mahakama za wenyeji, akatozwa faini au kufungwa. Tatizo halikuwa ukali wa faini. Mlimani hakukuwa na mtu aliyeona kwamba kutochimba ni kosa: kazi ilikuwa nzito, udongo wa juu wenye rutuba ulifukiwa, mavuno yalipungua. Jirani aliyetozwa hakuonekana mhalifu wala hakuaibika mbele ya wenzake. Julai 1955, huko Matombo, umati uligombana na serikali, polisi wakafyatua risasi, mtu mmoja akafa. Mpango ukaachwa.

Mtu angetarajia kwamba uhuru ungekizika kiboko. Ikawa kinyume. Sheria ya Adhabu za Chini ya mwaka 1963 iliagiza kifungo kisichopungua miaka miwili na viboko 24 kwa makosa kama wizi, uvunjaji wa nyumba na rushwa. Kumi na viwili vilikuwa vya kuingilia gerezani, kumi na viwili vya kutokea. Mwalimu Nyerere aliieleza sababu ya fungu la pili mwenyewe, miaka mingi baadaye, mbele ya umati uliokuwa ukicheka: mfungwa akamwonyeshe mkewe. Vile vya mwanzo vilikuwa vya mkosaji; vya mwisho vilikuwa vya nyumbani.

Sheria mpya ya 1972 iliviondoa viboko hivyo, na marekebisho ya 1989 yakavirudisha. Mahakama nazo zilivutana. Mwaka 1994, Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu alitamka katika kesi ya Mbushuu kwamba adhabu ya kifo inakiuka Katiba. Mwaka uliofuata Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba adhabu hiyo ni ya kikatili, lakini ikaona Katiba inairuhusu kwa maslahi ya umma. Ukatili ulikubaliwa, lakini aliyesemwa naye, yaani umma, ndiye aliyeamua shauri.

Siku hizi hakimu akisoma hukumu, maneno yanayoandikwa magazetini ni yaleyale: iwe fundisho kwako na kwa wengine wenye tabia kama hiyo. Sheria ya Huduma kwa Jamii ya mwaka 2002 imefungua njia nyingine, ambapo aliyetenda kosa dogo anaweza kufagia hospitali au kutengeneza barabara huku akilala kwake. Katika ngazi ya kata, kama Mafiga, kuna baraza lililoundwa kwa sheria ya 1985 ambalo kazi yake ya kwanza ni kusuluhisha.

Kingolwira bado ipo, na magereza mengine yameizunguka: Mkono wa Mara, Mtego wa Simba, Wami ya vijana. Lipo pia gereza la wanawake. Mfungwa mwenye mtoto mchanga huruhusiwa kuingia naye na kumnyonyesha humo. Mtoto akishaachishwa ziwa, hutafutiwa ndugu wa kumlea, na kwa Waluguru, ambao ukoo wao hufuata upande wa mama, ndugu hao mara nyingi ni bibi au mjomba aliye huko juu mlimani. Mtoto huondoka getini amebebwa. Jina lake halimo katika hukumu.