Baba Alirudi, Mwana Hakurudi: Urithi wa Kiti cha Unguja, 1859–1896

Vita vya Unguja vya tarehe 27 Agosti 1896 vinatajwa kila mahali, hata katika Kitabu cha Rekodi cha Guinness, kuwa vifupi kuliko vyote katika historia. Wengine huvipa dakika 38, wengine 45. Kipimo hiki cha saa kimetudhuru. Kimelifanya tukio lile lionekane kama kituko kisicho na mzizi: kijana mkaidi, kasri, manowari tano, halafu kimya. Nyuma yake imekaa hoja nzito zaidi, nayo ndiyo iliyonisukuma kuandika. Inadaiwa kwamba ukoo wa Al Busaid haukuwa na kanuni ya urithi, kwamba kila kifo cha mtawala kilizaa fujo, na kwamba mkono wa Uingereza, pamoja na ukali wake, uliweka utaratibu mahali ambapo haukuwapo. Nadai kinyume chake. Kanuni ilikuwapo, ilikuwa ikifanya kazi, na iliondolewa kwa maandishi siku tunayoijua.

Juu ya mfuatano wa matukio wanahistoria hawabishani, kwa hiyo sitakawia hapo. Ubishi uko kwenye tafsiri, na hapa vitabu vyetu viwili vikubwa vinatuacha njiani. Reginald Coupland, katika kazi yake ya mwaka 1939, aliegemea mno barua za mabalozi wa Uingereza, na anayemsoma huishia kuiona Unguja kwa macho ya balozi. Isitoshe, masimulizi yake yanakoma mwaka 1890. Abdul Sheriff alituokoa na mtazamo huo alipoweka karafuu, pembe za ndovu na mtaji wa dunia katikati ya simulizi, lakini kitabu chake cha mwaka 1987 kinafunga mlango mwaka 1873. Hivyo mwaka 1896 umeachiwa waandishi wa vioja, na suala la urithi limeachwa bila mwenyewe.

Tuanze na kifo cha Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Unguja, aliyefia baharini Oktoba 1856 akirejea Unguja kutoka Oman. Mwanawe Thuwaini alikuwa ameshika Maskati, na mwanawe Majid akashika Unguja. Mwaka 1859 Thuwaini alipotaka kuja na majahazi kudai urithi wote, Waingereza walimrudisha. Tarehe 2 Aprili 1861 Lord Canning, Gavana Mkuu wa India, alitoa hukumu: Unguja kwa Majid, Maskati kwa Thuwaini, na Majid amlipe nduguye reale 40,000 kila mwaka. Hukumu hii husifiwa kwa kuzuia vita vya ndugu, na ni kweli kwamba ilivizuia. Lakini pia iligeuza urithi wa ufalme kuwa deni lenye kiwango na tarehe ya kulipwa, na ikamweka mgeni mahali pa kadhi. Baadaye serikali ya Uingereza nchini India iliyabeba malipo hayo yenyewe, na Maskati ikawa inaipokea haki yake ya urithi kutoka mfukoni mwa hakimu.

Ushahidi ninaoutegemea kuliko wote, hata hivyo, ni maisha ya watu wawili: Barghash bin Said na mwanawe Khalid.

Mwaka huo huo wa 1859 Barghash alikula njama ya kumpindua kaka yake Majid. Habari zake tunazipata kwa dada yao Salme, ambaye kumbukumbu zake zilichapishwa Ujerumani mwaka 1886 kwa jina la Emily Ruete. Alikuwa na umri wa miaka kama 15 tu, lakini alijua kuandika, basi akawa katibu wa waasi. Anasimulia jinsi Barghash alivyotoroka nyumbani akiwa amejifunika nguo za kike katikati ya dada zake, akakimbilia shamba la Marseilles, na jinsi mabaharia wa Kiingereza walivyomsaidia Majid kuuzima uasi ule. Barghash alipelekwa uhamishoni Bombay, akakaa kama miaka miwili, kisha akarejea Unguja. Majid alipofariki Oktoba 1870, mwasi yule ndiye aliyekalia kiti.

Hapo ndipo ninapomwomba msomaji atulie nami. Mtu aliyeshika silaha dhidi ya mtawala alirudishwa ndani ya ukoo, na miaka 11 baadaye akatawala bila damu kumwagika. Alipofariki Machi 1888 alifuatwa na nduguye Khalifa, na Khalifa alipofariki Februari 1890 akafuatwa na nduguye Ali. Majid, Barghash, Khalifa, Ali: wana wanne wa baba mmoja, kiti kikipita kwa ndugu kwenda kwa ndugu. Aliyezoea taratibu za kifalme za Ulaya, ambako mwana wa kwanza humrithi baba, hataona kanuni hapa. Lakini jamii ya Kiibadhi ina mapokeo marefu ya shura na baia, yaani wenye kauli kushauriana na kisha kumpa mkono anayefaa, na hata baada ya masayyid kuacha cheo cha uimamu mapokeo hayo hayakufutika vichwani mwa watu. Kanuni ya aina hii haimtaji mrithi mapema, na inampa mwasi wa jana nafasi ya kurudi.

Nitapingwa kwa kukumbushwa Oman, ambako Thuwaini aliuawa mwaka 1866 na mwanawe mwenyewe Salim. Jibu langu ni fupi: Unguja haikuwa Oman, na katika miaka 34 tangu kifo cha Said hakuna mtawala wa Unguja aliyeuawa na jamaa yake. Pingamizi la pili ni zito zaidi. Mwaka 1870 balozi wa Uingereza, Churchill, alikuwa tayari mjini, naye alidai kwamba kabla ya kukalia kiti Barghash alimpa ahadi kuhusu biashara ya watumwa, ahadi ambayo Barghash alikana kuitoa. Nakiri basi kwamba kanuni ninayoieleza haikuwa safi na mkono wa mgeni. Ila mwaka 1870 balozi aliweza kushawishi tu, hakuwa na haki ya kukataza.

Haki hiyo aliipata tarehe 14 Juni 1890. Ali bin Said alikuwa na miezi minne tu kwenye kiti alipokubali kuwa chini ya ulinzi wa Uingereza, na makubaliano yale yalisema kwamba mrithi wake sharti apate ridhaa ya serikali ya Uingereza. Tarehe 1 Julai Uingereza na Ujerumani zikatia saini mkataba wa Heligoland na Zanzibar. Wanafunzi wetu wanaujua mkataba wa Julai kwa sababu unahusu ramani. Ule wa Juni, uliowanyang'anya watu wa Unguja baia yao, hauulizwi katika mitihani.

Wakati wenyewe ulikuwa mgumu. Ali alipofariki Machi 1893, zamu ya wajukuu wa Said ilikuwa imefika, na kupita kutoka kizazi hadi kizazi ndiko kunakoijaribu kanuni ya ndugu kwa ndugu. Kama shura iliwahi kuhitajika, ni hapo. Khalid bin Barghash, Hamad bin Thuwaini na Hamoud bin Muhammad wote walikuwa wajukuu, na sioni kwa nasaba ni yupi aliyemzidi mwenzake. Khalid aliingia kasri, akaonywa na Waingereza, akatoka. Uingereza ikamkalisha Hamad, mwana wa yule yule Thuwaini ambaye mwaka 1861 hukumu ilimtenga na Unguja. Aliyetenganisha nyumba mbili kwa sheria alizichanganya tena kwa uteuzi, bila kuhitaji kueleza kwa nini.

Hamad alifariki tarehe 25 Agosti 1896. Khalid alirudi kasri, safari hii akiwa na watu wapatao 2,800: askari wa kasri, watumishi, watumwa, na raia wengi. Wapo wanaowaita genge la kulipwa. Sina njia ya kusoma nyoyo zao, lakini mkusanyiko wa kiasi hicho katika muda wa siku mbili unafanana na baia kuliko unavyofanana na wizi, ingawa mamia ya askari wengine wa Unguja walisimama na Lloyd Mathews, Mwingereza aliyekuwa waziri mkuu wa Unguja. Balozi Basil Cave hakubishana juu ya nasaba. Hoja yake ilikuwa kifungu cha 1890: Khalid hakupata ridhaa. Muda wa onyo ulikwisha saa 3 asubuhi ya tarehe 27, na dakika mbili baadaye mizinga ya Admirali Rawson ikaanza kulia. Jengo la kasri la Beit al-Hukm likabomoka. Merikebu *Glasgow*, iliyoundwa kwa amri ya Barghash, ilizama bandarini ikimpigania mwanawe, na milingoti yake ikabaki ikionekana juu ya maji kwa miaka mingi. Watu wapatao 500 waliuawa au kujeruhiwa. Wafuasi wa Khalid walitozwa hata gharama ya makombora yaliyowapiga, na katika bili hiyo naiona sauti ya reale 40,000 za mwaka 1861.

Hamoud akakalishwa mchana huo huo. Khalid alikimbilia ubalozi wa Ujerumani, na Oktoba akavushwa kwa manowari ya Kijerumani hadi Dar es Salaam. Mwaka 1916 Waingereza walimkamata huko, wakampeleka Saint Helena, kisha Shelisheli. Baba yake alikaa Bombay kama miaka miwili, akarudi Unguja, akatawala. Mwana hakuruhusiwa tena kuishi Unguja. Alifia Mombasa mwaka 1927, katika ukanda wa pwani ambao kisheria ulikuwa bado wa Sultani wa Unguja, na ambao Uingereza ilikuwa ikiulipia kodi kwa Khalifa bin Harub, mjukuu wa Thuwaini.