Sukari guru

Sukari guru (nchini Kenya pia *sukari nguru*) ni sukari ya rangi ya kahawia inayopatikana kwa kuchemsha maji ya miwa mpaka yagande, bila kuitoa molasi. Jina linatokana na *gur* la Kihindi. Halihusiani na "guru" lenye maana ya mwalimu. Wachina wana sukari ya jinsi hiyo iitwayo *hongtang*, ambayo huichemsha pamoja na tangawizi. Huko Kolombia huitwa *panela*.

== Utengenezaji ==
Miwa hukamuliwa mapema baada ya kukatwa, kwa sababu mua uliolala hutoa sukari isiyoganda vizuri. Maji yake huchujwa na kuchemshwa katika karai pana. Kuni zake mara nyingi ni makapi makavu ya miwa yenyewe. Hutiwa chokaa kidogo ili uchafu upande juu pamoja na povu, nalo huenguliwa. Yakishakuwa shira nzito, mpishi hudondosha tone katika maji baridi. Likishikamana kama kidonge, karai huteremshwa mara moja, joto likiwa nyuzi 118 hivi za Selsiasi. Akichelewa, sukari huungua na kuwa chungu, akiwahi, haigandi. Mwisho shira hukorogwa na kumiminwa katika kalibu.

== Historia ==
Katika karne ya 19 bonde la mto Pangani lilikuwa na mashamba makubwa ya miwa ya Waarabu, yaliyolimwa na watumwa. Abushiri bin Salim, aliyeongoza vita dhidi ya Wajerumani mwaka 1888–1889, alikuwa mmoja wa wenye mashamba hayo. Utamu huo, basi, ulikuwa na gharama yake.

== Matumizi ==
Hutiwa katika chai, uji na kashata. Pwani ya Kilwa na Lindi, ambako ufuta hulimwa sana, shira yake hufaa kwa kashata za ufuta. Kwingineko Afrika Mashariki hutumika pia kutengeneza pombe kali.

Watu wengi hudhani kwamba haina madhara kwa mgonjwa wa kisukari kwa kuwa ni ya asili. Si kweli. Ina madini kidogo, kama chuma na potasiamu, lakini sehemu yake kubwa ni sukari ileile ya miwa, nayo hupandisha sukari ya damu kama ile nyeupe.