Wati 10,000 kwenye stika zinatoka wapi?

Pita Luthuli Avenue usome stika za wufa. Wati 5,000. Wati 10,000. Sasa angalia plagi: fyuzi ya ampea 13, stima ya volti 240. Zidisha. Unapata wati 3,120, na huo ndio mwisho wa plagi yenyewe. Mimi niliacha uni, lakini hii ni hesabu ya praimari bana.

Watu hupenda kulaumu China. Huu mchezo ni wa zamani kuliko hizo wufa, na ulishamiri Marekani. Miaka ya 1960 amplifaya za nyumbani zilikuwa biashara kubwa, na hakukuwa na sheria ya kusema wati ipimwe vipi. Kampuni moja ilipima nguvu ya kitambo kidogo tu, kabla umeme wa ndani haujaanza kuzama, ikaiita nguvu ya muziki. Nyingine ilichukua kilele cha wimbi badala ya wastani. Hapo nambari inakuwa mara mbili. Jumlisha chaneli mbili, mara mbili tena. Wati 20 zimekuwa 80, na kila hatua ina maelezo yake.

Mwaka 1974 tume ya biashara ya huko, FTC, ikaingilia. Ukitangaza wati, ziwe za mfululizo, za kila chaneli, chaneli zote zikifanya kazi pamoja. Useme spika ni za omu ngapi, masafa ni yapi, na sauti inakwaruza kwa asilimia ngapi. Na kabla ya kupima, mashine iendeshwe saa nzima kwa theluthi ya nguvu yake. Hiyo theluthi iliuma! Amplifaya za wakati huo zilichemka vibaya hapo, mara nyingi kuliko zikifunguliwa kabisa, na vyuma vya kupoza joto ni pesa. Malalamiko hayakuisha, hadi mwaka 2000 theluthi ikashushwa kuwa moja ya nane.

Lakini sheria ya Marekani haivuki bahari. Kwetu redio zilikuja na herufi PMPO, ambazo hazina kipimo kimoja kinachokubalika. Elfu moja ya huyu si elfu moja ya yule. Na kuna msee anakopa anunue mashine ya kupigia harusi, halafu viti vya nyuma hawasikii kitu.

Kwa hivyo geuza wufa, usome wati inazokula. Kwa mashine kubwa kibandiko hicho huonyesha matumizi ya kawaida tu, si ya juu kabisa, sawa. Lakini 40 nyuma na 10,000 mbele? Ya gari, zidisha ampea za fyuzi kwa volti 14, kisha utoe inayopotea kama joto. Na ya nyumbani, kumbuka tokeni: wati 10,000 za ukweli ni yuniti 10 kwa saa moja.